Deni la Mama na Barabara ya Juu

Kila asubuhi natoka Kangemi kwa matatu kuja shuleni mjini, tukipita chini ya ile barabara ya juu ya kilomita 27, iliyofunguliwa 2022. Kampuni ya Kichina iliijenga kwa mtaji wake na mikopo ya benki, nayo hujilipa kwa ada za magari, miaka 27. Muda huo utakwisha 2049, nami nikiwa na miaka 40 hivi!

Mama alikuwa akiuza miche kando ya Waiyaki Way. Ujenzi ulipoanza 2020 aliambiwa ahame. Akakopa kwa chama aanze upya, akalipa kila Jumapili, hata wiki tulizolalia uji mtupu. Siku aliyomaliza, alinunua nyama kilo nzima.