Kofia ya Chuma na Kihamba cha Babu

Mwezi wa Juni mwaka 1764, Mwingereza mmoja aitwaye Horace Walpole aliota yuko ndani ya kasri la kale. Juu kabisa ya ngazi kuu, kwenye kishikio chake, aliona mkono mkubwa mno uliovikwa vazi la chuma la vita. Jioni yake akaketi kuandika bila kujua anakwenda wapi, na kabla ya miezi miwili kwisha kitabu kilikuwa tayari. Kitabu hicho, The Castle of Otranto, ndicho kinachohesabiwa kuwa riwaya ya kwanza ya Kigothi: mama wa hadithi zote za makasri yenye giza, mizuka, na siri za ukoo zilizofukiwa chini ya sakafu. Frankenstein ya mwaka 1818 na Dracula ya mwaka 1897 ni wajukuu zake.

Nilifundisha fasihi ya Kiingereza kidato cha tano na cha sita mpaka nikastaafu, na ndugu kadhaa usharikani wameniuliza mzee wa kanisa anatafuta nini katika vitabu vya mizuka. Swali lao ni halali. Jibu langu ni kwamba kitabu cha Walpole kinasimama juu ya jambo lile lile ambalo watu wa kwetu hulileta wakitoka kwenye maombi ya usiku: je, mtoto hulipa deni la dhambi ya babu yake?

Kwanza nieleze hofu hiyo ilitoka wapi. Kati ya mwaka 1536 na 1540 Mfalme Henry wa Nane alizifunga nyumba za watawa za Uingereza, zipatazo 800. Nyingi ziliezuliwa, zikabaki kuta tupu mashambani, na watoto wakakua wakizipita. Kanisa la huko likakataa pia fundisho la toharani na maombi kwa ajili ya wafu. Mimi ni Mlutheri na sina ugomvi na fundisho hilo. Lakini ukiwaambia watu kwamba marehemu wao hawana tena shughuli nao, hawaachi kusikia nyayo usiku. Wanaacha tu kumwambia mchungaji. Nadhani ndiyo maana, miaka 200 baadaye, wafu wa Uingereza walirudi kwa mlango wa riwaya. Na waliowafungulia njia walikuwa watu wa kanisa: Robert Blair, mchungaji wa Scotland, alitoa shairi lake kuhusu kaburi mwaka 1743, na Edward Young, kasisi wa Kianglikana, alikuwa ameanza kuchapisha tafakuri zake za usiku mwaka mmoja kabla.

Walpole mwenyewe hakuwa mtu wa huzuni. Alikuwa mtoto wa waziri mkuu, tajiri, mpenda vitu vya kale. Nyumba yake ya Twickenham, karibu na mto Thames, aliigeuza kuwa kasri dogo la Kigothi, yaani la mtindo wa makanisa ya zama za kati yenye madirisha yaliyochongoka. Baadhi ya mapambo yake yalikuwa ya plasta na ya karatasi iliyorowekwa na kugandishwa. Hata kitabu alikitoa kwa kujificha. Nakala 500 zilitoka mkesha wa Krismasi wa 1764, zikidai kuwa ni tafsiri ya maandiko ya padri mmoja wa Italia. Kilipopendwa, mwaka uliofuata akajitokeza, akaongeza kwenye jina la kitabu kwamba ni hadithi ya Kigothi.

Sasa hadithi yenyewe. Manfred, mtawala wa Otranto, anamwoza mwanawe Conrad, kijana wa miaka 15, dhaifu wa mwili. Siku ya harusi, kabla bibi harusi hajafika mbele ya padri, kofia kubwa ya chuma inaanguka uani na kumponda kijana. Conrad hakumkosea mtu yeyote. Manfred anataka amwache mke wake amwoe mchumba wa marehemu mwanawe ili apate mrithi mwingine. Msichana anakimbia kwa njia ya chini ya ardhi mpaka kanisani. Mwishowe Manfred anamchoma kisu bintiye mwenyewe gizani, akidhani ni yule msichana. Kuta za kasri zinaanguka, na mtu anakiri: babu yake Manfred, aitwaye Ricardo, alikuwa mtumishi wa mwenye kasri halali. Alimwekea bwana wake sumu, akaghushi wosia, akajitwalia mali.

Kuna kipande ambacho wanafunzi wangu walikiruka, nami nilikuwa nikiwarudisha. Ricardo alipokuwa akirudi kwa bahari, dhoruba ilimpata pamoja na hatia yake. Akamwekea nadhiri Mtakatifu Nikolasi kwamba atajenga kanisa moja na nyumba mbili za watawa. Nadhiri ikapokelewa, na ukoo wake ukaendelea kutawala kwa muda. Tafadhali msomaji, tazama hapo. Mwizi anatubu kwa kujenga kanisa, na kasri bado analo. Nimekaa kwenye kamati za harambee za kutosha kumtambua Ricardo akiingia mlangoni na bahasha yake.

Walpole aliliona. Katika dibaji ya toleo la kwanza, akijifanya mfasiri, anasikitika kwamba hadithi haikujengwa juu ya funzo bora kuliko lile la dhambi za baba kupatilizwa wana hadi kizazi cha tatu na cha nne. Anaongeza kwamba hata funzo hilo linadhoofika ikiwa laana inaweza kukwepwa kwa ibada kwa mtakatifu. Tunajua alikolitoa funzo hilo: Kutoka sura ya 20. Wahubiri wetu wa laana za ukoo nao huanzia hapo, na wengi huishia hapo hapo, bila kusoma aya inayofuata, inayosema habari za rehema kwa maelfu, wala kufika Ezekieli sura ya 18, ambako Mungu anaikataa methali ya baba kula zabibu mbichi na wana kutiwa ganzi la meno.

Haya kwangu si mambo ya darasani tena. Mdogo wangu amezika wavulana wawili katika miaka mitatu, mmoja kwa ajali ya bodaboda, mwingine kwa ugonjwa wa figo. Amebaki na binti mmoja, na binti huyo ana mchumba. Kikundi kimoja cha maombezi kikasema ukoo wetu una mnyororo utokao kwa babu, na kwamba hukatwa kwa sadaka maalumu. Kiasi kilichotajwa kingelipa ada ya shule ya mwaka mzima. Habari zikawafikia wazazi wa kijana, nao wakaomba kwa adabu kwamba harusi isogezwe mbele mpaka tusafishwe. Binti alikuja kwangu jioni, akakaa muda mrefu bila kugusa chai. Kisha akauliza, "Baba mkubwa, sasa ni zamu yangu?"

Nilimwambia kwamba wanafunzi wa Yesu waliuliza karibu vivyo hivyo walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, na Bwana akakataa majibu yote mawili waliyomwekea mezani: si yeye, wala si wazazi wake. Akaitikia kwa kichwa. Nilijua haijamtosha.

Ndipo nikamsimulia habari za Ann Radcliffe. Mama huyu alizaliwa mwaka ule ule wa ndoto ya Walpole, na riwaya yake ya 1794, The Mysteries of Udolpho, ilimletea pauni 500, fedha nyingi mno kwa mwandishi wa siku zile. Kwake kila mzuka una maelezo mwishoni. Msichana Emily, aliyefungiwa kasrini, anafunua pazia jeusi, anaona kitu, anazirai. Harudi tena kutazama, na kwa mamia ya kurasa msomaji anaamini nyuma ya pazia kuna maiti. Ilikuwa sanamu ya nta. Mtu mmoja wa ukoo ule wa zamani alikuwa amelikosea kanisa, akapewa kitubio cha kuitazama sanamu ya maiti kila siku, na wosia wake ukawalazimu waliofuata kuitunza. Wengi humlaumu Radcliffe kwa kuondoa utamu wa hofu. Mimi nampenda kwa sababu hiyo hiyo.

"Kwa hiyo nyuma ya pazia letu kuna nini?" binti akauliza. Kwa kweli hakuna mtu katika familia aliyekuwa ametazama. Tulikuwa na neno laana tu.

Tukaenda kwa shangazi yangu, aliyevuka miaka 90. Hakusita hata kidogo, kama mtu aliyengoja aulizwe. Babu alikuwa karani wa Mangi. Jirani alipofariki, mjane akarudi kwao na watoto wadogo, na babu akasogeza masale ya mpaka mpaka mtoni. Sehemu ile ya kihamba yenye migomba mizuri na kisima ndiyo ya yule mjane. Babu baadaye alitoa mbao za paa la kanisa la mtaa wetu. Jina lake liko ukutani hadi leo.

Nimelifikiri jambo hili usiku mwingi. Conrad hakurithi dhambi ya Ricardo, na kofia ile ya chuma ni dhuluma; hapo namkatalia Walpole. Lakini kasri alilirithi, au angelirithi. Binti yetu hana deni la damu kwa Mungu. Ndizi zilizomsomesha, hizo zilitoka ng'ambo ya mpaka. Kitabuni nyumba ile haipati utulivu mpaka Manfred anapoachia utawala na Theodore, mjukuu wa mwenye mali, anapotambuliwa. Na Zakayo, alipokutana na Yesu, alianza kutaja hesabu za kurudisha.

Tulimpata mjukuu wa yule mjane, fundi seremala wa makamo. Mdogo wangu hakutaka kwenda. Anasema amekwisha lipa kwa wavulana wawili, nami sikubishana naye. Nilikwenda na binti. Alishika jani la isale kama tunavyofanya Wachagga tunapoomba msamaha, ingawa nilimwambia kwamba anayepaswa kulishika ni mimi. Fundi yule alilipokea, akalilaza juu ya mbao alizokuwa akizipiga randa, akauliza kisima bado kina maji.

Atakuja na dada zake baada ya Pasaka tupime mpaka. Wazazi wa kijana bado wanangoja neno kutoka kwa waombezi.