Ipole Njia Panda, na Ubishi wa Uwanja wa Tabora

Ukitoka Tabora mjini ukaelekea kusini utapita Sikonge, mji wa wilaya, kiasi cha kilometa 70, na ukizidi kwenda mbele ndani ya msitu wa miombo utafika Ipole. Hapo barabara yagawanyika. Mkono mmoja wakupeleka Koga hata Mpanda. Mkono wa pili wakupeleka Rungwa, na kutoka huko mpaka Chunya na Mbeya. Ndiyo maana kila aliyesafiri pande hizi amepata kuisikia Ipole, hata kama hakushuka garini kuiona. Watu huinunulia mihogo dirishani, wakaenda zao.

Mimi nilishuka kwa sababu ya pancha. Basi letu lilikuwa likitoka Mpanda kwenda Tabora, na tulipokaribia maduka gurudumu la nyuma likaisha pumzi. Siku hizi barabara ya Mpanda ina lami, na safari si taabu kama ilivyokuwa masika ya zamani, walakini lami haizuii msumari. Dereva akatuambia, “Nusu saa tu, wazee wangu.” Nawe wajua nusu saa ya dereva ni ya urefu gani.

Basi nikaenda kwa mama mmoja mwenye benchi na birika, nikaomba chai ya rangi na kiazi kitamu. Ilikuwa asubuhi bado. Nikawaamkia waliokuwapo kwa Kinyamwezi, “Mwangaluka,” wakaitikia vizuri, wakanisogezea nafasi, kisha wakarudia ubishi wao kana kwamba sikuja. Walikuwa watu wanne au watano, na neno walilolibishania lilikuwa hili: je, uwanja wa mpira wa Tabora upanuliwe, au uachwe kama ulivyo?

Labda wewe msomaji utashangaa, kama nilivyoshangaa mimi. Tabora i mbali, na Ipole ni nchi ya tumbaku na asali. Ukitazama huku waona mabani ya kukaushia tumbaku, ukitazama kule waona mizinga juu ya miti. Msitu wenyewe sehemu kubwa ni Hifadhi ya Jamii ya wanyamapori, inayosimamiwa na jumuiya ya vijiji vyenyewe, na jumuiya hiyo huitwa kwa kifupi JUHIWAI. Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi unawahusu nini watu hawa?

Unawahusu sana. Tangu mwaka 2023 Tabora ilipata timu katika Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Kabla yake Rhino Rangers, timu ya wanajeshi, ilicheza Ligi Kuu msimu wa 2013/14 ikashuka, na miaka mingi ikapita watu wa mkoa huu wakishangilia timu za mikoa ya wenzao. Halafu ikapanda Kitayosce, ambayo mwanzo wake ni Kilimanjaro, ikahamia Tabora, ikapewa jina la Tabora United. Wapenzi wakaiita Nyuki wa Tabora. Sasa fikiri mwenyewe: mtu wa Ipole, ambaye baba yake na babu yake waliishi kwa nyuki, anasikia redioni kwamba Nyuki wanacheza na Simba. Atakaaje nyumbani?

Mwenye hasira zaidi kuliko wote alikuwa kijana mmoja mrina asali. Alituhadithia jinsi alivyouza ndoo mbili za asali ili aende Tabora kuiona timu moja kubwa ya Dar es Salaam. Akapanda gari alfajiri, akalipa nauli, akalipa kiingilio, akala mjini kwa bei ya mjini, na alichokiona kwa dakika 90 ni visogo vya watu. “Bao nimelisikia kwa kelele,” akasema, “nikauliza jirani nani kafunga, naye kumbe haoni kama mimi.” Wenzake wakacheka, yeye hakucheka. Kwake jambo ni rahisi: waongeze majukwaa, watu waone. Ndoo mbili za asali si mchezo.

Akajibiwa na mwenye kibanda umiza. Msomaji wa mjini anakijua kibanda umiza: chumba chenye televisheni moja na mabenchi, watu wanalipa kidogo wanatazama mpira wakibanana. Bwana huyu alikuwa na hesabu kichwani. Ligi Kuu ina timu 16, akasema, kwa hiyo kila timu hucheza nyumbani mara 15 kwa msimu. Katika hizo 15, Simba huja mara moja, Yanga mara moja. Toa hizo mbili. Tuseme toa na moja ya Azam. Zinabaki 12. Je, siku ya mechi na timu ya mkoa wa mbali, saa kumi jua kali, umepata kuona uwanja umejaa? Nani atalipia viti ambavyo vitakaliwa na kunguru siku 12 na watu siku tatu?

Maneno haya yalikuwa na akili, lakini kijana wa asali akamkata papo hapo. “Wewe, kaka, hutaki uwanja ukue kwa sababu tukienda Tabora kibanda chako kinalala!” Hapo hata mama wa chai alicheka hata akaweka birika chini. Mwenye kibanda hakukana. Alisema tu kwamba yeye naye ana watoto.

Kisha akaingia mzee mmoja aliyekuwa amekaa kando, baiskeli yake imeegemea mti. Wakampisha aseme, kwa kuwa ndiye mkubwa wao. Mzee hakuanza na viti. Aliuliza, “Uwanja ni wa nani?” Vijana wakanyamaza. Maana kweli uwanja ule si wa timu. Ni mali ya Chama cha Mapinduzi, sawasawa na Kirumba wa Mwanza, Sokoine wa Mbeya, Majimaji wa Songea, na vingine vingi vya mikoani. Timu ni mpangaji. “Umewahi kumwona mpangaji,” mzee akauliza, “anaongeza chumba katika nyumba ya mwenye nyumba kwa fedha yake mwenyewe?”

Na tena, mzee akaendelea, mpangaji mwenyewe atakaa mpaka lini? Hapa, msomaji, ndipo nilipoacha kunywa chai nikasikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo palipo na mfupa. Mwaka 2024 timu ya Ihefu, ambayo watu wa Mbarali waliipenda, walioenda kuitazama Ubaruku katika uwanja wa Highland Estates, iliondoka Mbeya ikahamia Singida, na jina likawa Singida Black Stars. Mwaka huo huo Fountain Gate, iliyokuwa Singida, ikaenda Babati. Wakulima wa mpunga wa Mbarali walibaki na uwanja, timu hawana. Na Tabora nayo, mwaka 2025 jina la Tabora United likafutwa, timu ikawa TRA United. Nyuki wamebadilishiwa jina la mzinga.

“Babu zetu walikuwa wapagazi,” mzee akasema. “Walibeba frasila mbili mabegani kutoka bara hata pwani, na wanajua msafara ni nini. Msafara ukija unapata soko, unapata kelele, unapata moshi wa vyakula. Ukiondoka yanabaki majivu ya mafiga. Nyinyi mnataka kuujengea msafara nyumba ya mawe.”

Sikujizuia, nikaingia na mimi, ingawa mgeni. Nikasema, “Mzee wangu, lakini Waarabu si walijenga kweli? Tembe la Kwihara lipo mpaka leo.” Maana Kwihara, karibu na Tabora, ndipo Livingstone alipokaa mwaka 1872, na nyumba ile sasa ni makumbusho. Mzee akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyejibu nusu ya hesabu. Akasema walijenga kwa kuwa njia ilikuwa pale, na maji yalikuwa pale, na chakula kilikuwa pale. Vita vya Mirambo vilipoifunga njia ya Ujiji mwaka 1871, Stanley alifanya nini? Akazunguka kusini, akapita Ugunda. Njia ilihama, tembe likabaki mahali pake.

Nikakubali nimeshindwa. Walakini nafsi yangu haikukubali yote. Kwa maana mtu akikataa kujenga kwa kuogopa kwamba mgeni ataondoka, basi mgeni naye ataondoka kwa kuwa hakujengewa. Timu hukimbilia penye uwanja mzuri. Azam wana uwanja wao wenyewe pale Chamazi, hauchukui watu wengi mno, yapata elfu kumi, lakini ni wao, na hakuna anayeuliza kama Azam watahamia mkoa gani. Nyuki wenyewe waliwahi kuonja pande zote mbili za Chamazi. Agosti 2023 walikwenda huko na wachezaji wanane tu kwa matatizo ya usajili, mchezo ukavunjika mapema Azam wakiwa na mabao 4. Na Novemba 2024 wakaifunga Yanga 3 kwa 1 kwenye uwanja ule ule. Ipole nzima, nikaambiwa, haikulala usiku ule. Hata mwenye kibanda aliwasahau waliokuwa hawajalipa.

Kuna jambo moja ambalo hapo bencheni halikusemwa na mtu, nami nalisema hapa. Wote walizungumza juu ya viti, hakuna aliyetaja milango. Mei 2001, katika uwanja wa Accra nchini Ghana, walikufa watu 126. Hawakufa kwa kukosa viti. Polisi walirusha mabomu ya machozi katika jukwaa, watu wakakimbilia nje, wakakuta milango imefungwa. Mwezi mmoja kabla, Johannesburg katika Ellis Park, walikufa 43 kwa sababu watu waliendelea kusukumana kuingia mahali palipokwisha jaa. Basi mimi ningeulizwa, ningesema kwanza njia za kuingilia na kutokea, kisha majani. Viti vifuate. Siku hizi maji ya Ziwa Victoria yamefikishwa Tabora, na udhuru wa nyasi kufa kiangazi umepungua. Uwanja wa kimataifa ni meta 105 kwa 68, na kila meta yataka kunyweshwa. Mpira ukiviringika vizuri, hata anayetazama visogo atafurahi kidogo.

Nilipotoa shauri hili la nyasi, kijana mrina asali akaniuliza kwa upole, “Sasa mjomba, nyasi mimi nitazionaje?” Sikuwa na jibu. Ni kweli. Mtu aliyetoka kilometa zote hizo hakuja kuona nyasi.

Mama wa chai, ambaye muda wote alikuwa akihesabu vikombe, ndipo akasema neno lake. Yeye mwanawe anasoma shule ya hapa, anacheza mpira, na kiwanja chao kimeinama upande mmoja. Mpira ukipigwa kwa nguvu unaingia porini, nao watoto huogopa nyoka kuufuata. “Nyie mnapanua wa Tabora,” akasema, “huu wa hapa nani ataung’oa visiki?” Mzee akacheka, akasema jembe analo. Mwenye kibanda akasema atatoa soda siku ya kazi. Kijana wa asali alikaa kimya kidogo, kisha akasema Jumamosi anakwenda porini kurina, lakini Jumapili alasiri anaweza kuja na shoka. Wakaanza kubishana tena, sasa juu ya visiki: ving’olewe au vichomwe? Mzee alitaka vichomwe. Mama hakutaka moshi kwenye vitumbua vyake.

Honi ikalia. Nusu saa ya dereva ilikuwa imekaribia saa mbili. Nikalipa chai yangu, nikanunua na chupa ya asali kwa yule kijana, asali nyeusi ya miombo iliyokaza, nikaagana nao. Akanifuata mpaka mlango wa basi, akamwuliza kondakta kama ratiba ya mechi imetoka na kama siku ya Simba kutakuwa na gari la kurudi usiku. Kondakta akamwambia gari lipo, ila safari ile siti zilijaa mapema, awahi kuweka jina.

“Niandikie kusimama,” kijana akasema. “Kusimama nimezoea.”

Kondakta akatoa kalamu sikioni, akaandika jina lake nyuma ya kitabu cha tikiti.