Mshika Usukani na Hisabati ya Mrama

Chombo cha kuzama hakina usukani, wahenga walinena. Mhandisi wa mifumo ya udhibiti huongeza neno moja: usukani nao waweza kukiponza chombo, ukigeuzwa bila kiasi. Katika nyongeza hiyo mna kiini cha taaluma yake nzima.

Mwaka 1922, Nicolas Minorsky, mhandisi mzaliwa wa Urusi aliyefanya kazi Marekani, alichapisha makala kuhusu meli zinazojiongoza zenyewe. Fikra zake zilianzia kwa mtu, si kwa mtambo. Aling'amua kwamba mshika usukani stadi haangalii tu kiasi ambacho meli imekengeuka wakati huo. Huzingatia pia mkengeuko uliolimbikizana tangu awali, kwa mfano upepo unapoisukuma meli upande mmoja bila kukoma. Na huipima kasi ya mkengeuko huo, ili ajue unakoelekea. Mambo hayo matatu Minorsky aliyatia katika mlinganyo mmoja, na mwaka 1923 mtambo wake ukajaribiwa katika manowari ya Marekani, New Mexico. Hadi leo viwanda vingi hudhibiti joto, shinikizo na kasi kwa kanuni iyo hiyo.

Hatari kubwa imo katika kuchelewa. Meli nzito haigeuki papo hapo. Asiye na subira huona haijaitikia, akazidisha. Inapoitikia, huwa imekwisha kupita mstari. Huurudisha usukani kwa nguvu, nayo meli ikapitiliza upande wa pili. Kila sahihisho huzaa kosa kubwa kuliko lililotangulia. Kuyumba huku na huku Kiswahili hukuita kwenda mrama, na watu wa nchi kavu wakaliazima neno hilo kwa kila jambo lililoharibika.

Mbinu za juu za taaluma hii ni jitihada za kuutambua mrama kabla ya nanga kung'olewa. James Clerk Maxwell alilikabili suala hilo mwaka 1868, akichunguza vidhibiti vya kasi ya injini. Mwaka 1932, Harry Nyquist alionyesha jinsi mchoro mmoja unavyofichua iwapo mfumo utatulia au utayumba. Mwaka 1960, Rudolf Kalman alieleza namna ya kuoanisha ubashiri na vipimo vyenye dosari, kila kimoja kikipewa uzito kwa kadiri kinavyoaminika. Njia hiyo ikasaidia safari za Apollo mwezini.

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi kuyabeba mawazo ya aina hii. Hata hivyo, mwanafunzi wa uhandisi anayekariri mlinganyo wa Minorsky pasipo kusimuliwa habari za mshika usukani amenyimwa nusu ya somo. Naye mwanafunzi wa Kiswahili anayefasili mrama pasipo kujua kwamba una hisabati yake, amenyimwa nusu ya pili.