Eda ya Uenyekiti

Wakubwa wetu Wapemba tumezoea kuwaona wakiondolewa, si kuondoka wenyewe. Maalim Seif Sharif Hamad, mtoto wa Mtambwe, aliondolewa Uwaziri Kiongozi mwaka 1988, hakujiuzulu. Basi tarehe 6 Agosti 2015, Profesa Ibrahim Lipumba alipotangaza huko Dar es Salaam kwamba anauacha uenyekiti wa CUF, kwa kuchukizwa na UKAWA kumfanya Edward Lowassa mgombea urais, watu huku walipigwa na bumbuazi. Wengine walimlaani. Mimi, ukweli nikwambie msomaji, nilimheshimu. Mtu kaona jambo hakubaliani nalo, kaachia kiti. Si ndilo tunalolilia kila siku?

Juni 2016 ngoma ikageuka. Profesa kaandika barua nyengine, anaifuta ile ya kwanza. Anarudi kitini!

Barazani kesi ilihukumiwa kabla ya mahakama, maana kisiwani kwetu kila mtu ni kadhi, hasa baada ya kikombe cha pili cha kahawa. Hii talaka rejea, akasema mmoja. Rejea gani bwana, akadakwa, miezi kumi, eda ishapita zamani! Tulicheka sana. Lakini chama si mke. Mke huachwa kwa neno la mume, apende asipende. Katiba ya CUF ilisema vyengine: anayejiuzulu huwa kajiuzulu pale waliomchagua wanapoikubali barua yake, na waliomchagua Profesa ni mkutano mkuu. Huo ulikutana lini? Tarehe 21 Agosti 2016, mwaka na siku 15 tangu atoke, na yeye keshasema narudi. Mkutano ukavurugika. Septemba, Msajili wa Vyama, Jaji Francis Mutungi, akamtambua kuwa mwenyekiti. Kesi zikafuatana, hadi 18 Machi 2019 Mahakama Kuu ikasema mwenyekiti halali ni yeye.

Hapa ndipo ninapogombana na ndugu zangu. Wao husema Profesa alitumwa. Hilo sina ushahidi nalo, silisemi. Ninalosema ni kwamba ile barua iliachwa mezani. Najua, uchaguzi wa Zanzibar wa Oktoba 2015 ulifutwa, ukarudiwa Machi 2016 bila ya CUF. Nani angekuwa na hamu ya kuitisha mikutano? Lakini aliyetoka bila ya kukabidhi ufunguo, ufunguo bado anao. Nikilisema hili Wete naangaliwa kama mtu aliyeuza mikarafuu ya marehemu babake.

Siku ile ile ya hukumu Maalim akahamia ACT-Wazalendo. Shusha tanga, pandisha tanga, wakasema. Kusema rahisi. Bendera ya CUF haikuwa kitambaa tu huku Pemba. Watu waliuawa kwa kuandamana chini yake Januari 2001, Wete na Micheweni. Sasa ikateremshwa na wenyewe, si na askari. Ofisi zikapakwa zambarau, na mzee aliyewahi kulala ndani kwa ajili ya chama hicho akawa anauliza rangi imebaki kiasi gani koponi.

Maalim alifariki 17 Februari 2021, akazikwa kwao Mtambwe. Profesa alichaguliwa tena mwenyekiti Desemba 2024. Mimi nikishika katiba ya chama chochote siku hizi, naanza na ibara ya kujiuzulu.