GB 26 zilizopotea

Najua mitihani imewameza wengi, hata mimi nimepotea hapa wiki mbili. Leo nijibu swali ambalo wenzangu wa chumbani wananiuliza kila siku: hivi ile skrini nyeusi unayokodolea macho mpaka usiku wa manane inakupa nini?

Nitajibu kwa mkasa wa Alhamisi. Ilikuwa siku ya mwisho kwa mwaka wa tatu kukusanya ripoti za miradi, mwisho saa sita usiku. Saa tatu na nusu simu zikaanza kuita: seva inakataa kupokea mafaili, inalalamika diski imejaa. Mimi ndiye kibarua wa maabara, nina akaunti ya kuisimamia ile seva yetu ya Debian. Fundi mkuu alikuwa kwake, mbali, na funguo za chumba cha seva anazo yeye. Nikampigia.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Dogo, izime uiwashe, itakaa sawa."

"Sasa kaka, isipowaka je? Mpaka asubuhi hakuna wa kutufungulia mlango. Naomba dakika kumi niangalie."

"Haya, angalia."

Nikaunga laptopu kwenye simu, bando lenyewe la mawazo, nikaingia kwa SSH. Raha ya maandishi matupu ndiyo hiyo: unatuma herufi, unarudishiwa herufi, hata mtandao unaochechemea unatosha. Na hii SSH ni mtoto wa chuo kama sisi. Tatu Ylönen aliitengeneza mwaka 1995 pale Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Finland, baada ya mtu kunasa maneno ya siri yaliyokuwa yakipita wazi wazi kwenye mtandao wa chuo.

Basi bwana, amri ya kwanza df -h. Diski ya GB 40, imejaa asilimia 100. Nikapiga du -shx / ili kujumlisha mafaili yote: GB 12. Jamani! Zaidi ya GB 25 zimekwenda wapi?

Siri iko hivi. Kwenye Linux ukifuta faili kwa rm, unafuta jina lake tu. Kama kuna programu bado imelifungua, data zenyewe zinabaki kwenye diski mpaka programu hiyo iliachie. Ni sawa na kukata jina la mpangaji kwenye daftari wakati jamaa bado amelala chumbani. Du inasoma daftari, df inahesabu vyumba. Zikigombana, ujue kuna mpangaji asiyeandikwa.

Amri ya kuwatafuta wapangaji hao ni lsof +L1. Mstari mmoja ukajitokeza: logi ya programu ya kupokelea kazi, GB 26, imeshafutwa lakini bado imefunguliwa. Kumbe mchana kuna mtu aliiona imenenepa akaifuta, akadhani kazi imekwisha. Nikairestati programu ile peke yake kwa systemctl, sekunde chache, hifadhidata haikuguswa. Df tena: asilimia 32. Kabla ya saa nne ripoti zilikuwa zinaingia moja baada ya nyingine.

Kuzima na kuwasha seva nzima kungerudisha nafasi pia, sikatai. Ila ushahidi ungefutika palepale, tungeshangilia, halafu logi ingenenepa tena na mtu angekuja kuifuta vilevile. Kwa kuwa tulimjua mchawi, Ijumaa tukaweka logrotate: kila siku inaikata ile logi, inaiambia programu ifungue mpya, na za zamani inazitupa.

Kwa hiyo skrini nyeusi hainipi ujanja wowote wa kimuvi. Inaniwezesha kuiuliza mashine swali dogo na kupata jibu dogo, mpaka nijue ugonjwa kabla ya kutoa dawa. Kwa wadogo zangu wa mwaka wa kwanza: msikariri amri kama mashairi ya darasa la tatu. Jueni swali kwanza, amri mtaikuta kwenye man. Df, du na lsof zinasoma tu, haziharibu kitu, zichezeeni mtakavyo. Rm ndiyo ya kuiheshimu.

Haya, ngoja niwahi foleni ya wali maharage kabla hawajafunga. Tuko pamoja.