Kirumi ilivyonisuta

Wadau, leo nakiri kosa. Aprili 2016, Daraja la Nyerere la Kigamboni lilipofunguliwa, niliandika gazetini kuwa ndilo la kwanza nchini kushikiliwa kwa nyaya. Mita 680, minara mirefu, picha safi. Nani angebisha?

Wiki hiyohiyo nikaenda nyumbani Nguvumali. Nikamkuta baba mdogo barazani, gazeti mapajani. Ameendesha lori miaka mingi, Tanga hadi Sirari. Shikamoo yangu aliiitikia nusu nusu.

"Mwanangu, Kirumi ulishafika?"

Sijafika.

"Mimi nimepita pale juu ya Mto Mara hata hujazaliwa. Limebebwa na nyaya vilevile."

Nikaanza kuchimba. Kweli bwana! Daraja la Kirumi, barabara ya Musoma kwenda Sirari, lilikamilika 1985. Nyaya zake zinatoka mnarani na kushuka zimenyooka hadi kwenye sakafu ya daraja. Hakuna ile kamba kuu inayolegea kati ya minara, yenye nyaya ndogo zinazoning'inia. Kigamboni ni mtindo huohuo, miaka 31 baadaye.

Kilichoniuma zaidi si tarehe. Nilipiga simu kwa maofisa watatu, dereva sikumuuliza hata mmoja. Na karo yangu ililipwa kwa posho za safari hizohizo za Sirari.

Tulitoa masahihisho, mistari minne, ukurasa wa ndani. Baba mdogo alikikata kile kipande. Kimo kwenye pochi yake mpaka leo.