Paka Wetu Askari na Ujauzito wa Mama

Wahenga walisema kuwa paka akiondoka panya hutawala. Methali hii nimeiandika katika insha nyingi tangu shule ya msingi bila kuitilia maanani, mpaka iliponifika mwenyewe nyumbani kwetu Nyalenda. Ndugu msomaji, tulia nikusimulie.

Tuna paka dume wa rangi ya kijivu, na jina lake ni Askari. Tulimpa jina hilo kwa sababu ya kazi yake. Mama huuza omena katika soko la Kibuye, na magunia yake huwekwa katika chumba ninacholala. Penye omena panya hakosi. Kabla ya Askari kuja, panya walikuwa wakinipita usoni usiku kana kwamba mimi ni barabara ya kwenda Kondele. Alipofika yeye, amani ikarudi.

Kisha mama akapata ujauzito. Lazima nieleze kuwa mwaka mmoja kabla ya hapo, mama alikuwa amepoteza mimba ya miezi mitano. Jambo hilo halikuzungumzwa kwetu. Mimi nilijua tu kwa sababu nilimkuta baba akificha juu ya kabati beseni jipya la kumwogeshea mtoto. Kwa hivyo mimba hii ya pili tuliichunga kama yai.

Maneno yakaanza. Jirani alimwambia mama ati manyoya ya paka huingia tumboni yakamnyonga mtoto. Dani, yaani nyanya mzaa baba, alipokuja kutoka Nyakach akakubaliana naye. Baba hakuamini habari ya manyoya, lakini alikuwa amesikia kazini kwamba paka ana ugonjwa unaotoa mimba. Jioni moja akaniita.

"Huyu paka aondoke leo."

"Lakini baba, panya je?"

"Panya na mtoto, kubwa ni nini?"

Sikuwa na jibu. Nilimtia Askari ndani ya gunia, nikatembea naye mpaka ufuo wa Dunga. Alilia njia nzima. Nilimfungulia karibu na mahali akina mama wanapokaanga samaki, nikamtupia kipande cha mgongo wazi, halafu nikakimbia bila kuangalia nyuma. Usiku huo sikula.

Haikupita wiki mbili panya wakarudi, tena kwa fujo. Walitoboa magunia mawili ya omena na mfuko wa unga. Mama alihesabu hasara yake kimya kimya. Lakini balaa kubwa lilikuwa bado njiani. Asubuhi moja kabla ya kwenda shule nilimkuta mama amekaa jikoni, anatetemeka kama jani ilhali jua limeshatoka. Baba alikuwa safarini. Nilimshika mkono, tukapanda tuktuk mpaka kliniki.

Alitolewa damu kidoleni. Ilikuwa malaria. Muuguzi, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, akamwuliza, "Mama, ulipewa chandarua hapa ulipokuja mara ya kwanza. Unalala ndani yake?"

Mama alinyamaza, akaniangalia. Mimi nikaangalia sakafu. Ukweli ni kwamba chandarua hicho tulikuwa tumekitandika uani tukaanikia omena. Si sisi peke yetu. Nenda ufuo wowote wa ziwa hili utaona wanaofanya hivyo, kwa maana omena zikianikwa juu ya neti hazishiki mchanga.

Kwa aibu nikajitetea. "Lakini paka tulimfukuza, daktari."

Muuguzi aliweka kalamu chini. "Paka gani tena?"

Nikamweleza yote. Hakutucheka. Alisema, "Kijana, baba yako hakukosea kabisa. Lakini mmemfukuza anayeonekana, mkamwachia mlango asiyeonekana." Halafu akatueleza pole pole, na mimi nikasikiliza kuliko ninavyosikiliza darasani.

Alisema kuna kijidudu kiitwacho toksoplasma. Paka hukipata akila panya, ndege au nyama mbichi iliyo nacho, kisha hukitoa katika kinyesi, kwa kawaida kwa wiki chache tu za maisha yake. Kinyesi kikiwa kibichi bado hakijawa na hatari. Huchukua siku moja hadi tano kabla ya vijiyai vyake kuweza kuambukiza. Baada ya hapo vinaweza kukaa katika udongo kwa miezi mingi. Mama akiambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito, kijidudu chaweza kumfikia mtoto, na mimba ikaharibika, au mtoto akazaliwa na kasoro ya macho au ubongo. Aliyewahi kuambukizwa zamani, kwa kawaida mwili wake huwa umeshajenga kinga. Manyoya hayaingii tumboni hata kidogo. Tena watu wengi hukipata kijidudu hiki kwa kula nyama isiyoiva vizuri, au mboga zisizooshwa, au kwa kushika udongo halafu kula.

"Basi si lazima paka afukuzwe," akasema. "Kinachotakiwa ni mtu mwingine kusafisha uchafu wake kila siku. Lakini malaria hapa kwetu ziwani haingoji bahati. Hujificha katika kondo la nyuma, humpunguzia mama damu, na mtoto huzaliwa mdogo au asizaliwe hai." Akampa mama dawa, akamwambia akishapona asikose kliniki ili apate vidonge vya kumkinga.

Njiani mama aliniuliza swali moja tu: kama ule mwaka mwingine ilikuwa paka au ilikuwa mbu. Sikuweza kumjibu, na mpaka leo siwezi. Nilimwambia tu kwamba chandarua nitakifua leo.

Nilikifua siku hiyo hiyo. Harufu ya omena ilitoka kwa maji ya tatu. Baba aliporudi na kusikia habari, hakusema neno. Alichukua nyundo na misumari akakitundika mwenyewe juu ya kitanda cha mama. Kisha akaniambia, "Kesho nenda Dunga ukamtafute yule askari wako."

Nilikwenda mara mbili. Mara ya pili nilimkuta chini ya mashua iliyofunikwa, amenenepa kwa matumbo ya samaki. Alinikwaruza mkono, na nilijua nimestahili.

Tukaweka sheria. Kwanza, Askari alitengewa karai la mchanga, na kulisafisha kila siku ikawa kazi yangu, mikono ikiwa ndani ya mifuko ya plastiki, kisha sabuni. Pili, mama hakugusa tena udongo wa shamba dogo la sukuma wiki, nililima mimi. Tatu, mboga zilioshwa kwa maji safi mengi, nyama ikaiva mpaka ndani, maji ya kunywa yakachemshwa. Nne, Askari alipewa chakula kilichopikwa ili asiwinde kwa njaa, ingawa tabia ya paka mnaijua.

Shuleni nilimwuliza mwalimu wetu wa bayolojia. Akaniambia kuwa kijidudu hiki kiligunduliwa mwaka 1908 mjini Tunis na Charles Nicolle na Louis Manceaux, ndani ya mnyama mdogo wa jamii ya wagugunaji aitwaye gundi, na kwamba jina lake limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya upinde, kwa sababu kimejipinda. Lakini kazi ya paka katika kukieneza haikujulikana vizuri mpaka miaka ya karibu na 1970. Nikawaza, ikiwa wataalamu walihitaji miaka sitini hivi, jirani yetu atalaumiwaje?

Dada yangu alizaliwa mwezi wa pili, mzima, mwenye sauti inayosikika mpaka barabarani. Lile beseni liliteremshwa kutoka juu ya kabati. Sasa mtoto hulala ndani ya chandarua na Askari hulala chumbani kwangu, juu ya gunia la omena.

Wanafunzi wenzangu, kuna siku tutakuwa akina baba na akina mama. Kinga ni bora kuliko tiba, lakini kinga yenyewe sharti ijue adui ni nani. Kabla hujamtia paka wako katika gunia, uliza kliniki. Na ukitoka huko, pitia uani uangalie chandarua kiko wapi.